Kahawa Katika Nyumba ya Chai

Mimi ni mtu wa chai. Niliacha shule darasa la tatu, nikachuma majani ya wengine mpaka vidole vikawa vyeusi, na nikapata shamba langu mwenyewe upande wa Kapkatet bila kushikwa mkono na mtu. Ng'ombe wangu wa kwanza nilimnunua mnadani Siongiroi nikamswaga kwa miguu mpaka nyumbani. Shamba la mahindi la Ndanai lilikuja baadaye, na pikap baadaye tena. Sisemi haya kwa kujivuna tu, ingawa kujivuna pia kumo. Nasema ili ujue kwamba mtu kama mimi amezoea hivi: jambo likikataa analisukuma, na likikataa tena analisukuma zaidi.

Mke wangu alikufa katika miaka ya tisini, mwaka wa ile mvua kubwa iliyokata barabara zetu. Alikufa kwa ugonjwa wa koo, ule ambao huku kwetu karibu kila boma limewahi kuzika mtu kwa ajili yake. Na kabla hajafa alitaka kahawa. Ni hayo tu ninayotaka kuandika.

Ilianza na ugali. Niliona anatafuna tonge muda mrefu, halafu anavuta kikombe cha chai asukumie. Nikadhani ni meno. Baadaye akaacha nyama. Baadaye akaanza kula peke yake jikoni, sisi tukishamaliza, asionekane anavyohangaika. Nilipomfuata huko siku moja nikamkuta ameinama mbele ya moto, mkono kifuani, macho yamejaa maji. Nikampakia kwenye pikap siku hiyo hiyo nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa kijana, mpole, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho.

"Mzee, nyumbani mnakunywa chai moto?"

"Kwani kuna chai baridi?"

"Namaanisha, moto kiasi gani?"

"Moto ya kunywa."

Mke wangu akanigusa goti ninyamaze. Daktari akaeleza kwamba hakuna mwenye uhakika ugonjwa huu unatoka wapi, lakini wanashuku vitu vya moto sana, na kwamba wake umeshafika mbali. Mimi nilishika neno la chai tu. Chai ilijenga nyumba yangu. Chai ililipa karo ya watoto wote. Nikatoka pale nimekasirika, kama mtu aliyetukaniwa mama. Hasira ilinisaidia. Nilipokuwa na hasira sikuhitaji kufikiria lile neno lingine, la kufika mbali.

Dada yangu mkubwa, mjane, akaja kukaa nasi amwuguze. Ugali uliisha, uji ukawa mwepesi, halafu mwepesi zaidi, mpaka ukawa maji yenye rangi ya wimbi. Mursik, maziwa yetu ya kibuyuni ambayo hakuna Mkipsigis anayeyakataa, yalikuwa mazito, yakarudi. Chai yenyewe akaanza kuisukuma kando. Ndipo asubuhi moja, nikiwa navaa gambuti kwenda shambani, akaniita.

"Nataka kahawa."

"Kahawa? Ya nini?"

"Ya kunywa. Kwani kuna ya kupaka?"

Nikaenda dukani nikamletea ya mkebe, ule unga unaoyeyuka. Dada akaikoroga. Mke wangu akasogeza kikombe puani, akakirudisha.

"Hii ni masizi. Nataka ile ya kusagwa. Ile inayoanza kunukia kabla maji hayajachemka."

"Wewe uliijulia wapi?"

Akaniambia. Nilimwoa akiwa msichana aliyetoka kufanya kazi jikoni kwa Mzungu, meneja wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho. Hilo nililijua. Sikujua kwamba kazi yake ya kwanza kila alfajiri ilikuwa kumsagia meneja kahawa, na kwamba mpishi alimwachia iliyobaki kwenye birika, akainywa amesimama nyuma ya mlango, nyeusi, bila sukari.

"Mzungu wa chai alikunywa kahawa?" nikauliza.

"Kila asubuhi. Chai alikunywa wageni wakija."

"Na wewe umekaa na mimi miaka yote hii hujasema?"

"Ningesema nini? Hii ni nyumba ya chai." Akatabasamu kidogo. "Nilikuwa nimesahau. Sasa chai imeniacha, hiyo nyingine imerudi."

Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwuliza kama kahawa inaruhusiwa. Nilitarajia anikataze, nami nibishane naye. Akasema, "Baba, mpe chochote anachotaka." Nikafurahi. Nikatembea mpaka kwenye pikap nimefurahi. Nilipoweka ufunguo ndipo nikasikia vizuri alichosema, na sikuweza kuwasha gari kwa muda.

Nikaanzia Kericho mjini. Kulikuwa na mama mmoja Mkikuyu mwenye duka la jumla, tumefanya biashara naye tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Nilipomwuliza kahawa ya kusagwa akapiga makofi.

"Wee! Mzee wa chai anatafuta kahawa! Leo itanyesha mvua ya mawe."

"Unayo ama huna?"

"Mimi nimebebwa mgongoni mamangu akichuma kahawa. Tulichuma, tukapeleka kiwandani, ikaenda zake ng'ambo. Nyumbani tulikunywa chai. Mpaka leo sijui ladha yake."

"Ni chungu?"

"Si nimekuambia sijui, mzee? Ni ya nani?"

"Ya mama watoto. Koo imefunga."

Akaacha mzaha. Akafunga daftari lake la mauzo, akatoka nyuma ya kaunta, akasimama karibu nami. "Nenda Nairobi," akasema. "Usiangalie mikebe. Tembea mpaka mahali inanukia, uingie hapo."

Basi nikaenda. Nilivaa koti langu la mnadani na kofia, nikazunguka katikati ya mji nikiingia kila nyumba ya kahawa niliyoiona. Sikuwa najua kwamba kuna nyumba namna hiyo. Huku kwetu kikombe cha chai ni cha kumrudishia mtu nguvu aende kazini. Kule watu wazima wenye tai walikaa na kikombe kimoja kama wanaosubiri kesi yao iitwe, wakisoma gazeti, na hakuna aliyewafukuza.

Ya kwanza ilikuwa na mashini ya chuma inayong'aa kama bampa ya lori jipya, yenye mikono ya kuvutwa, na ilipopigwa ilitoa mvuke na kelele nikakumbuka boila ya kiwanda cha chai. Mhudumu aliniletea kikombe kidogo kama kizibo cha chupa ya dawa.

"Kijana, nimeagiza kikombe. Hii ni ya kuonja."

"Ndiyo hiyo, mzee. Ni kali."

Nikaonja. Uso ukanikunjika wenyewe. Binti aliyekaa meza ya jirani na kitabu chake akacheka.

"Cheka tu, binti yangu," nikamwambia. "Kwetu hii ananyweshwa ndama mwenye minyoo."

"Weka sukari, mzee!"

"Anayeitaka haweki sukari."

Halafu nikafanya lililonileta. Nikamwaga kilichobaki kwenye kisosa, polepole, nikageuza kikombe kwenye mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na vumbi jeusi. Nikalipa nikaondoka. Nilifanya hivyo kila nilikoingia, na kila mahali walinitazama kama mpiga ramli. Sikuwajali. Koo la mke wangu lilikuwa limebaki na tundu dogo, na chochote chenye chembe kilikwama pale, akakabwa. Ladha sikuitafuta. Ladha aliijua yeye. Mimi nilitafuta isiyo na vumbi.

Mwishowe nikafanya kama mama wa Kericho alivyoniambia, nikafuata pua. Ikanipeleka kwenye duka la Mhindi mzee, nywele nyeupe, aliyekuwa akikaanga kahawa kwenye pipa linalozunguka nyuma ya duka. Harufu ile ilinifikia kutoka barabarani, na nakubali, ilikuwa nzuri.

"Karibu, mzee. Unataka kali ama nyepesi?"

"Nataka isiyo na chembe."

Akaleta birika la kioo lenye fimbo ya kusukuma chini. "Hii ndiyo watu wanapenda." Akatengeneza, nikamwaga kwenye kisosa.

"Ina vumbi."

"Kidogo tu. Hilo halidhuru mtu."

"Litamdhuru mke wangu. Kwake hapiti kitu ila maji, na maji yenyewe yanapita kwa kuomba."

Mhindi akanitazama. Akalichukua birika lake la kioo akalirudisha kwenye rafu. Akapanda kistuli, akashusha kitu cha udongo mweupe mfano wa faneli, kinene, na karatasi laini za kukunja ndani yake. Akaniwekea kahawa, akaanza kumwaga maji kwa uzi mwembamba.

"Usimwage yote pamoja. Kidogo. Unaona inavimba? Ngoja."

"Ningoje mpaka lini?"

"Mpaka itulie, mzee. Halafu tena kidogo."

Iliyotoka chini ilikuwa nyeusi na safi. Nilipoinua gilasi kwenye mwanga niliona vidole vyangu upande wa pili. Hakuna vumbi. Nikanunua faneli, karatasi, kisagio cha mkono chenye kidroo chini, na kahawa ya punje, isiyosagwa, katika mfuko wa karatasi. Mhindi alinishika mkono kwa mikono yake miwili tulipoagana. Hatukuambiana majina.

Nyumbani dada yangu aliitoa ile faneli kwenye sanduku, akaiinua, akachungulia kwa chini akaniona kwa upande wa juu.

"Ndugu yangu, umeenda mpaka Nairobi wakakuuzia kikombe kimetoboka!"

Mke wangu alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ugali umshinde.

Nikaweka kisagio mezani nikaanza kuzungusha. Kikateleza, kahawa zikamwagika. Nikakishika kwa mkono wa kushoto, kikateleza tena. Mke wangu akateremka kitandani, ambako alikuwa hateremki ila kwa haja, akaja amejitanda blanketi, akakaa kwenye kistuli cha kukamulia. Akakibana kisagio katikati ya magoti. Akazungusha bila kutazama, polepole, mwendo mmoja, kama mtu aliyeacha jana. Nilimtazama ile mikono. Nilikuwa nimeiona ikichuma chai, ikikamua, ikiosha watoto. Hii kazi sikuwahi kuiona, na iliijua kuliko zote.

Nikamwaga maji kama nilivyofundishwa. Nikangoja. Mimi, ambaye sijawahi kungoja hata chai ikolee. Tukaiacha ipoe, dada akamlisha kwa kijiko kidogo, na sote watatu tukatazama shingo yake. Ikapita. Kijiko kingine, kikapita. Akafumba macho.

"Ndiyo hii," akasema.

Siku zilizofuata ndizo nilizodanganyika. Kila asubuhi alisaga yeye, nikamwaga mimi, na vijiko vikapita. Rangi ya uso ilirudi kidogo, ama niliitaka irudi. Nikaanza kupanga. Nikamwambia mvua ikipungua tutaenda Nairobi pamoja, akae kwenye zile nyumba na wenye tai, tusifukuzwe na mtu. Akasema sawa. Kwenye kituo cha kuuzia majani wenzangu walikuwa wamesikia.

"Tumeambiwa umehama dini," mmoja akasema. "Sasa wewe ni wa kahawa."

"Kesho atang'oa chai apande miti ya Wakikuyu!"

"Chagueni majani yenu," nikawaambia. "Hayo yamejaa vijiti." Nilicheka nao. Niliona nimeshinda. Nilikuwa nimelisukuma jambo likasogea, kama yale mengine yote.

Kumbe mvua ndiyo ilikuwa inaanza. Ilinyesha mchana na usiku, kuta zikatoka jasho, chumvi ikageuka maji kwenye bakuli. Barabara ya kushukia lami ikakatika, daraja la chini likaenda na mto. Na kooni kwa mke wangu kukaanza kufunga tena. Vijiko viwili, halafu kimoja. Halafu alisaga, nikamwaga, na hakuweza. Halafu hakuweza kusaga. Nikaanza kusaga mimi, nimebana magoti kama yeye, na kahawa ikapoa kwenye kikombe, nikaimwaga nje ya mlango.

Asubuhi moja nilikuta mfuko wa karatasi haupo. Dada akanionyesha kibuyu. Kilikuwa kibuyu chake bora, chenye mkanda wa ngozi na shanga, alichopewa na mama yetu. Alikuwa amekisugua ndani kwa sosiot, ule ufagio mwembamba wa vibuyu, halafu akakifukiza kwa kijinga cha moto cha mti wa senetwet na kupaka ndani ule unga wa mkaa, kama tunavyofanya kabla ya kutia maziwa. Ndani yake alikuwa ametia kahawa yote.

"Karatasi ilikuwa imelowa," akasema. "Kitu cha mgonjwa hakiwekwi kwenye karatasi kama misumari."

Nikamimina kidogo, nikasaga. Ilinuka moshi. Ilinuka maziwa yaliyolala. Kahawa ilikuwa mbali huko nyuma, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Nikampigia dada kelele ambazo sijawahi kumpigia mwanamke mkubwa kuliko mimi. Nikamwambia ameua kahawa.

"Nimekosa nini?" akasema. "Nimempa kibuyu changu! Cha mama! Ningempa nini kingine?"

Tukasikia kugonga. Mke wangu alikuwa hana sauti tena ya kufika jikoni, aligonga mbao za kitanda kwa pete yake. Nikaingia.

"Ameharibu," nikamwambia. "Naenda Nairobi. Nitazunguka kwa miguu mpaka lami. Nikileta mpya itapita. Ile ya kwanza ilipita."

"Kaa."

"Nitarudi kesho tu."

"Kaa, mzee." Ilibidi niiname nimsikie. "Tengeneza hiyo."

"Imeharibika, nakuambia."

"Tengeneza."

Nikatengeneza. Dada alichemsha maji, hatukutazamana. Nilimwaga kidogo, nikangoja, nikamwaga. Nikaipeleka chumbani ikiwa bado na mvuke, kwa sababu niliona haina haja tena ya kupoa. Dada akapuliza kijiko, akamlowesha midomo. Tone lile likarudi lilivyokwenda, akalipangusa na kitambaa. Hapo nikaelewa kwamba hata Mhindi angekuja na duka lake lote nyuma ya nyumba yangu, isingepita.

Mke wangu akanisukumia kikombe kwa ncha za vidole.

"Kunywa wewe."

"Mimi si mtu wa kahawa."

"Kunywa nione."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikanywa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, akaninyooshea kidole nisogee karibu.

"Niambie."

"Inanuka kibuyu."

Mabega yakamtikisika. Alikuwa anacheka.

"Na nini tena?"

Mimi nikipewa jani la chai nitakuambia limetoka upande gani wa kilima na aliyelichuma alikuwa na haraka ama hapana. Pale sikuwa na maneno. Nikanywa tena, nikatafuta, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Moshi," nikasema. "Halafu uchungu. Halafu, baada ya uchungu, kuna kitu kama udongo ukianza kunyeshewa. Sijui. Kama udongo."

"Eeh," akasema. "Hapo. Kunywa hapo."

Nikanywa hapo. Nilipomeza niliona koo lake likipanda na kushuka pamoja na langu. Nikapiga funda lingine, likapanda tena. Hakuondoa macho kwenye shingo yangu. Nilikunywa mpaka chini, na kila nilipomeza alimeza.

Kikombe kilipokwisha alinitazama, nikajua anataka kingine. Nikamwita dada achemshe maji.